Madumu Kumi ya Javeli na Tarakimu Tatu Zilizozidi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Komini ya Rubavu, Prefektura ya Gisenyi
Ijumaa, tarehe 19 Machi 1999

Jina: Umurerwa Jovia
Umri: miaka 18
Kazi: mpimaji katika karakana ya javeli ya Bwana Benon
Makazi: Mbugangari, mjini Gisenyi, nyumbani kwa shangazi yangu
Mbele ya: Inspekta Rugwiro

Mimi Umurerwa Jovia naandika maelezo haya kwa mkono wangu. Inspekta Rugwiro ameniruhusu kuandika kwa sababu jana nilipokuwa nasema sauti ilikuwa haitoki, akachoka kuniambia rudia, rudia. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nilisoma Tanzania mpaka kidato cha nne, nikamaliza mwaka jana, ndipo nikaja huku kuwafuata ndugu zangu waliotangulia kurudi. Kinyarwanda tunakisema nyumbani lakini kukiandika bado sijui vizuri, na Kifaransa sikijui kabisa. Afande amesema Kiswahili kinatosha. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa.

Nafanya kazi kwa Bwana Benon tangu mwezi wa kwanza. Karakana iko nyuma ya nyumba yake. Tunatengeneza javeli, dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe na kuulia vijidudu. Bwana Benon ananunua unga wa klorini, anauchanganya na maji kwenye pipa, na mimi napima ukali wake. Ukali maana yake ni gramu ngapi za klorini zimo katika kila mililita mia za javeli. Anayetumia lazima ajue hilo ili ajue aongeze maji kiasi gani. Ikiwa kali mno inachoma mikono, ikiwa dhaifu mno vijidudu havifi na mtu anadhani vimekufa.

Mnamo Jumatatu tarehe 15 Machi 1999 nilipima javeli iliyokuwa imeagizwa na kituo cha afya cha kambi ya Mahoko, ile ya watu waliohama makwao kwa sababu ya vita. Afande ameuliza ilikuwa saa ngapi kamili. Sina saa ya mkononi. Ilikuwa asubuhi, baada ya chai, kwa hiyo nasema kama saa tatu. Ameuliza saa tatu na dakika ngapi. Sijui.

Nilivuta javeli kwa bomba la sindano lisilo na sindano mpaka kwenye alama ya mililita 2.0. Karakana haina pipeti, ule mrija wa kioo wa kupimia kiasi kamili. Iliyokuwepo ilivunjika kabla sijaajiriwa, na Bwana Benon anasema bomba la sindano linatosha. Niliimimina kwenye glasi yenye maji, nikatia chumvi ya iodini na siki, maji yakageuka rangi kama chai isiyo na maziwa. Kisha nilidondosha thiosalfeti, dawa inayofuta rangi hiyo, kutoka kwenye bureti, yaani mrija mrefu wa kioo wenye alama na bomba dogo chini, tone kwa tone, mpaka rangi yote ikapotea. Bureti ilionyesha kwamba nimetumia mililita 27.3. Thiosalfeti yenyewe nguvu yake imeandikwa kwenye chupa: 0.10. Nikazidisha na kugawanya kwa kikokotoo. Kioo cha kikokotoo kilionyesha 4.838925. Nikaandika kwamba nimepata asilimia 4.8.

Naomba nieleze kwa nini niliandika hivyo, maana hapa ndipo watu wote wananikasirikia. Bomba la sindano lina alama nene. Nikisema nimevuta mililita 2.0, huenda ni pungufu kidogo au zaidi kidogo, jicho langu haliwezi kujua. Thiosalfeti nayo inajulikana kwa tarakimu mbili tu. Kwa hiyo na jibu nalijua kwa tarakimu mbili tu. Nne najua. Nane naijua, ingawa siyo kwa uhakika kabisa. Baada ya hapo sijui kitu. Kikokotoo hakijui kama javeli ilipimwa kwa bomba la sindano au kwa kijiko cha supu. Kinagawanya tu mpaka nafasi ziishe kwenye kioo. Shuleni tuliziita tarakimu muhimu, na mwalimu alikuwa anakata alama ukiandika zilizozidi kama anavyokata ukikosea jibu. Nilidhani ni ukali wake tu.

Bwana Benon aliingia akauliza nimepata ngapi. Nikamwambia nne nukta nane.

"Nne nukta nane basi?"

"Ndiyo, Bwana Benon."

"Na mashine inasema nini?"

Nikamwonyesha kikokotoo. Akatabasamu. Akachukua kalamu nene na lebo kumi, akaandika 4.8389 kwenye kila lebo. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba hizo nyingine hatuna.

"Hatuna vipi wakati ziko hapa?" akasema, akagonga kioo kwa ukucha. "Jovia, mwanangu, biashara ni kuaminiwa. Mteja akiona nne nukta nane atadhani tumeonja kwa ulimi. Akiona hii anajua hapa kuna laboratwari. Kule Kampala nilikotoka hakuna dawa inayouzwa na namba fupi."

Yeye ndiye mwenye karakana. Alibandika lebo kwenye madumu kumi ya lita ishirini, akaziba vifuniko kwa nta ya mshumaa.

Mnamo Jumanne tarehe 16 Machi 1999, asubuhi, Mama Xavérine Nyiraneza alikuja na pikapu ya kukodi kuyachukua. Yeye ni mfanyabiashara wa hapa Gisenyi, ana ndugu Goma, siku nyingi anavuka mpaka na vitenge na sabuni, na safari hii alipewa kazi ya kupeleka javeli Mahoko. Nilisaidia kupakia. Alinitania kama kawaida yake.

"We mutoto ya Tanzania, inua uso! Unaangalia chini sana, utapata pesa za watu siku moja. Javeli yako inauma kuliko we mwenyewe."

Nilicheka. Nta ilikuwa nzima kwenye madumu yote wakati pikapu inaondoka. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Yaliyotokea njiani sikuyaona. Mama Xavérine anasema kwenye kizuizi askari walimwamuru afungue madumu yote wanuse kama si petroli, na nta ikavunjika. Naomba askari wa kizuizi hicho waulizwe. Mpaka leo hawajaulizwa.

Yaliyotokea Mahoko nayo sikuyaona, lakini nimesoma karatasi ya Nesi Valens, ambaye ndiye anayepokea dawa za kambi, kwa kuwa afande alinipa niisome. Nesi Valens alipima javeli kwa kiboksi chake cha matone. Unahesabu matone mpaka rangi ibadilike, na kila tone ni sehemu ya kumi ya asilimia. Alipata 4.8. Akaangalia lebo, akaona 4.8389. Akaangalia vifuniko, akaona nta imevunjika. Akaandika kwamba javeli imepungua ukali kwa 0.0389, maana yake imetiwa maji njiani. Kisha akapiga hesabu, kwa lita zote mia mbili, kwamba maji yaliyotiwa ni lita 1.6078, na kwamba javeli ya kiasi hicho imeibwa. Wakaitwa polisi, wakamkamata Mama Xavérine na kuyaleta madumu hapa kituoni.

Simlaumu sana Nesi Valens. Kabla yetu mtu mwingine aliwapelekea javeli ambayo ilikuwa karibu maji matupu, na kambini watoto wanaharisha. Aliambiwa na wakubwa wake asipokee tena kitu kisicholingana na lebo. Lakini kiboksi chake hakina tone la kuonyesha 0.0389. Hata javeli iwe na ukali wa 4.8389 kweli, kiboksi kitasema 4.8. Alipima jambo moja na mimi nilipima jambo hilohilo na tukapata jibu hilohilo, na kwa sababu hiyo Mama Xavérine amefungwa.

Jumatano mchana Bwana Benon alirudi kutoka mjini, akasema, "Wamemkamata Xavérine. Wewe kaa kimya, litapita." Nilikaa kimya siku hiyo. Usiku shangazi aliniuliza kwa nini sikula. Nilipomweleza alisema niende polisi nikaseme ninachokijua, kisha akasema nisiende, kisha akanipigia pasi gauni la kanisani.

Jana Alhamisi tarehe 18 Machi 1999 nilikuja kituoni peke yangu. Sikuwahi kuingia kituo cha polisi. Nilikaa kwenye benchi nje muda mrefu kwa sababu sikujua nimsalimie nani kwanza. Kwenye benchi hilo alikuwepo Mama Mukagasana, mama mkwe wa Mama Xavérine, amempakata mtoto wa Mama Xavérine ambaye bado ananyonya. Analetwa kunyonya kwenye mlango wa mahabusu, halafu anarudishwa.

"Umekuja kwa nani?" Mama Mukagasana aliniuliza kwa Kinyarwanda.

"Kwa Mama Xavérine."

"Wewe ndiye yule wa namba?"

Nikasema ndiyo. Akamgeuza mtoto upande wa pili ili asiniangalie.

Walipomfungulia Mama Xavérine amnyonyeshe mtoto, aliniona.

"Donc ni we! Mi niko mu kasho juu ya namba yako. Wananiuliza lita moja na makombo niliweka wapi. Niliweka wapi, mu kitambaa ya kichwa?"

"Sikuandika mimi, mama. Mimi niliandika nne nukta nane."

"Basi sema! Iko watu hapa, iko afande hapa, sema! Una kinywa ama hauna?"

Askari akamwambia anyamaze anyonyeshe. Akanyamaza, lakini aliendelea kuniangalia juu ya kichwa cha mtoto mpaka mlango ukafungwa.

Ndipo nikaingia kwa Inspekta Rugwiro. Nilimsalimia, nikamwambia mimi ndiye niliyepima. Alifurahi, akavuta karatasi.

"Vizuri, binti. Jambo ni rahisi. Namba ya kwenye lebo ni ya kweli au ya uongo?"

Nilisema si ya uongo, ila inasema zaidi ya tunachokijua.

"Sikiliza. Kama ni ya kweli, huyu mama ametia maji. Kama ni ya uongo, bosi wako ni tapeli. Mmoja wao ana kosa. Ya kweli au ya uongo?"

"Nne na nane ni za kweli, afande. Zilizobaki hazijulikani."

"Hazijulikani wakati zimeandikwa?"

"Ndiyo, afande."

"Na lita moja nukta sita sifuri saba nane, ziko wapi?"

"Hazipo."

"Amezificha?"

"Hapana, afande. Hazikuwahi kuwepo."

Alifunga macho kidogo. Aliniambia niseme kwa sauti. Nikarudia. Akaniambia kwamba gari la kupeleka mafaili na watuhumiwa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, linaondoka Ijumaa alasiri, na faili hili litakuwemo ndani yake pamoja na Mama Xavérine mwenyewe. Kila mtu mjini anajua maana yake. Ukishafika upande ule, gereza limejaa, na unaweza kukaa mpaka mtoto wako aanze kutembea kabla jina lako halijaitwa. Nilitaka kusema hivyo lakini nilisema tu, "Afande, naomba nipime mbele yako."

Alikubali. Nilikimbia karakanani, nikaleta bureti, dawa, na chupa ya kahawia ambamo huwa tunaweka akiba ya kila pipa. Akiba hiyo inakaa kabatini, gizani, na nta yake ilikuwa haijaguswa. Nilitundika bureti kwenye msumari wa kalenda ya ofisi. Nilipima mara tatu kwa bomba lilelile la sindano. Mara ya kwanza nilipata 4.8. Mara ya pili 4.9. Mara ya tatu 4.7.

Nilifurahi. Nilidhani sasa ameona. Mtu yuleyule, javeli ileile, chupa ileile, na bado ile tarakimu ya pili inacheza. Sasa hizo za nyuma yake zinatoka wapi?

Inspekta Rugwiro aliangalia karatasi yangu.

"Mara tatu, majibu matatu," akasema. "Na wewe ndiye mpimaji?"

Askari aliyekuwa mlangoni akacheka. "Afande, mwache mpaka kesho atapata la nne."

Nilijaribu kueleza kwamba majibu hayo matatu ni jibu moja. Nikaona nikieleza zaidi ndivyo linavyozidi kuonekana uongo. Walikuwa wanataka mtu anayejua, na mimi kila nikifungua mdomo nilikuwa nasema ni wapi ninapoacha kujua. Nilikusanya vyombo vyangu nikatoka nje kunawa uso.

Hapo uani ndipo nilipoona madumu kumi yamepangwa ukutani, juani. Nilirudi ndani nikamwambia askari kwamba jua na joto vinaua javeli, naomba yahamishwe kivulini, hata chini ya lile paa la kuegeshea pikipiki.

"Hicho ni kielelezo," akasema. "Kielelezo hakiguswi."

"Lakini kinaharibika."

"Kinaharibika kikiwa kielelezo."

Niliomba tena kabla ya kuondoka. Nilimwomba na mwingine wa zamu ya jioni. Yalilala hapohapo.

Leo Ijumaa asubuhi nimekuja tena. Afande amemwita na Bwana Benon, na yeye amekuja. Amekaa kiti cha pili karibu na mlango, na yuko hapo mpaka sasa ninapoandika. Afande alimuuliza mbele yangu kama namba ya lebo ni sahihi.

"Afande, mashine haidanganyi," amesema. "Huyu ni mtoto mzuri, lakini ni mwoga. Ana hofu ya kila kitu, hata ya namba."

Kisha afande akanipa kalamu na karatasi niandike. Nilipofika pale nilipoandika kwamba nimepata asilimia 4.8, alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma. Akasema, "Andika yote. Kama ilivyo kwenye lebo, ili faili lisiwe na namba mbili." Nikaandika 3, na 8, na 9. Niliziandika kwa sababu naogopa. Niliendelea mistari mingi, mpaka nilipoandika kuhusu Mama Xavérine na nta. Hapo mkono ulikataa. Nikaweka kalamu chini.

Afande akauliza kuna nini. Nikasema naomba kufuta.

"Unafuta nini?"

"Zile tatu. Siwezi kutia sahihi kama ziko."

Bwana Benon akasema, "Jovia, reka." Maana yake niache.

"Umeziandika mwenyewe," afande akasema.

"Umeniambia niziandike, afande. Mimi niliona alama ya bomba la sindano. Niliona bureti. Niliona rangi inapotea. Hizo sikuziona."

Nilisema kwa sauti kiasi kwamba askari wa mlangoni aligeuka. Mimi mwenyewe nilishtuka.

Afande hakukasirika. Alikaa.

"Nani aliziona?"

"Hakuna mtu."

Akamgeukia Bwana Benon. "Wewe ulikuwepo akipima?"

"Nilikuja baadaye kidogo."

"Rangi ilipopotea ulikuwepo?"

"Hapana, lakini..."

"Kwa hiyo hizi umezipata wapi?"

"Kwenye kalkuleta, afande."

"Na kalkuleta iliambiwa na nani?"

"Na huyu."

"Huyu aliyeona nne na nane." Afande akajikuna shingo. "Bwana, mtu akija hapa akaniambia gari lililogonga lilikuwa jekundu, namwandika. Akiniambia na namba zake zote, namuuliza alisimama wapi. Kama hakuwepo, simwandiki. Wewe umeniletea mashahidi watatu ambao hawakuwepo."

Bwana Benon akasema kwamba hiyo ni sayansi, siyo ajali ya barabarani. Afande akamwambia anyamaze.

Kisha akanieleza utaratibu. Karatasi ya maelezo haichanwi, wala neno halifutwi kwa raba. Unapitisha mstari mmoja juu ya ulichokosea ili kisomeke bado, pembeni unaandika ni vingapi vimefutwa na kwamba havina nguvu, na anayeandika na afisa wote wanatia herufi zao. Nimefanya hivyo. Mstari umepinda, lakini umepita juu ya zote tatu.

Bwana Benon amesema, "Nimekupa kazi ulipokuwa hujui hata njia ya sokoni, na leo unanifuta mbele ya serikali. Jumatatu usije." Nimesikia.

Afande ameweka karatasi ya Nesi Valens kando ya karatasi yangu. Amesoma ile, amesoma hii, amerudi kwenye ile. Amefanya hivyo muda mrefu mpaka nikadhani nimekosea tena.

"Yeye nne nukta nane," akasema. "Wewe nne nukta nane."

"Ndiyo, afande."

"Kumbe mlikuwa mnasema kitu kimoja."

"Ndiyo, afande. Tangu Jumanne."

Amemtuma askari akamlete Mama Xavérine. Amekuja, amesimama mlangoni na kitambaa chake mkononi. Afande amemwambia kwamba hapelekwi parke. Hakushangilia. Ameuliza, "Na zile lita moja na makombo?" Afande amesema zimefutwa. "Zilikuwa wapi?" ameuliza tena. Afande amenionyesha mimi kwa kidole, nami nimesema hazikuwepo. Mama Xavérine ametikisa kichwa. "Bon. Siku zote hizo niko chini kwa simenti, maziwa inanijaa, juu ya kitu haiko. Na we, ulikuwa nayo hiyo sauti, ulikuwa unaiweka wapi?" Ametoka kwenda kwa mtoto wake. Sijui kama amenisamehe.

Nilidhani nimemaliza. Lakini afande amefurahi sasa na anataka faili liishe leo. Amesema lebo zibanduliwe, ziandikwe upya 4.8, madumu yapande gari la alasiri yapelekwe Mahoko, kwa kuwa kambini wanasubiri. Ameniambia niandike mwishoni kwamba mimi kama mpimaji nathibitisha javeli iliyo uani ina ukali wa asilimia 4.8.

Nimemwambia siwezi.

Amesema, "Si ndiyo namba yako? Si ndiyo uliyonisumbua nayo siku mbili?"

Ndiyo namba yangu, lakini ni ya Jumatatu. Madumu hayo yalikuwa kwenye pikapu, yamefunguliwa kwenye kizuizi, yamefunguliwa Mahoko, na tangu yalipofika hapa yako juani kwa sababu kielelezo hakiguswi. Yamepungua. Najua kwamba yamepungua. Sijui kwa kiasi gani. Nikiandika 4.8 leo, Nesi Valens ataongeza maji kwa kufuata 4.8, na watu watanawia mikono maji ambayo hayaui kitu. Na akipima akapata kidogo, atamtafuta aliyeyabeba, na safari hii atakuwa dereva wa gari la polisi. Naomba yahamishwe kivulini sasa hivi, naomba yapimwe upya, kila dumu peke yake, na naomba wanirudishie bureti, ambayo Bwana Benon amekwisha kuichukua akaiweka kwenye mfuko wake.

Afande ameshusha kalamu mezani na kuangalia dari. Naomba radhi kwa kumchelewesha. Sikusudii kuwa mgumu.

Haya ndiyo maelezo yangu, mpaka pale ninapojua. Nimeyaandika mwenyewe na kuyasoma.

Sahihi: Umurerwa J.

MAONI YA AFISA

Maelezo yameandikwa na shahidi kwa hiari yake, kwa Kiswahili, mbele yangu. Ukurasa wa kwanza, baada ya 4.8: tarakimu tatu zimefutwa, hazina nguvu. (R. / U.J.)

Kati ya kipimo cha Mahoko na kipimo cha shahidi hakuna tofauti. Nyiraneza Xavérine ameachiwa leo. Bwana Benon ameonywa kuhusu lebo, na ameirudisha bureti. Madumu kumi yamehamishiwa chini ya paa la pikipiki na hayataondoka kabla ya kupimwa.

Ili kukamilisha faili nimemtaka shahidi akadirie ukali wa javeli ulivyo kwa sasa. Amejibu kwamba hajui, kwa sababu hajapima. Nimemwambia akadirie tu. Amejibu vilevile. Nimeandika hivyo.

Insp. Rugwiro
Gisenyi, 19/3/1999